Chai ya Saa Nne

Siku niliyoripoti kazini, mwaka 2009, kitu cha kwanza nilichokabidhiwa hakikuwa meza wala kompyuta. Nilikabidhiwa kikombe. Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimeandikwa namba 7 kwa rangi nyekundu ya kucha. "Hicho chako," dada wa mapokezi aliniambia. "Kikipotea usiniulize mimi."

Kampuni ilikuwa ya uwakala wa forodha, kazi yetu kuwatolea watu mizigo bandarini. Ofisi ghorofa ya pili, Dar es Salaam mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Ikifika saa nne asubuhi mama lishe wetu alipanda ngazi na chupa mbili kubwa za chai, nyuma yake binti amejitwika beseni la maandazi na vitumbua lililofunikwa kanga. Tulikunywa kwenye chumba cha mafaili kwa sababu ndicho kilichokuwa na meza ndefu. Walikuja wote: mhasibu, madereva, vijana wanaoshinda bandarini kama siku hiyo wako karibu, mfagizi, na Mzee mwenyewe, mwenye kampuni, ambaye chai yake aliimimina kwenye sosa akaipuliza kwanza.

Nusu saa. Halafu kila mtu anasuuza kikombe chake, anarudi kazini.

Sitaki mtu adhani nalilia zamani. Mzee akikasirika alikuwa na mdomo mchafu. Mshahara uliweza kuchelewa hadi tarehe 12 na usipewe maelezo. Mkataba wa maandishi niliuona mwaka wa tatu. Dada mmoja wa masijala alificha mimba hadi mwezi wa saba kwa magauni mapana, maana alijua mwenzake aliyemtangulia alirudi kutoka uzazi akakuta kiti chake kina mtu. Nafasi nzuri walipewa ndugu. Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ya leo: makaratasi tuliyakimbiza kwa miguu, jua la saa saba, kutoka kwa wakala wa meli kwenda forodha, kutoka forodha kwenda bandari, ukifika mwenye mhuri ameenda kula. Nilirudi nyumbani miguu imevimba.

Lakini nililala. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini nililala.

Tulikuwa na karani mkongwe tuliyemwita Babu, aliyeanza kazi hii wakati kadhia, yaani hati za kutangaza mizigo forodhani, zikipigwa kwa taipureta. Asubuhi moja kwenye chai kijana mmoja alikuwa anapiga porojo zake, analalamika kwamba mteja anamharakisha na mashine zake za kusaga. Babu akaacha kutafuna.

"Za kusaga nini?"

"Kahawa."

"Za kiwandani au za jikoni?"

Kijana hajui. "Basi nenda kaangalie kabla hujatuma," Babu akamwambia, akarudi kwenye kitumbua chake. Asiyeijua kazi yetu ataona ni swali dogo. Kwa ushuru wa Afrika Mashariki, mashine ya kiwandani mara nyingi huingia kwa asilimia 0, na kifaa cha nyumbani kwa asilimia 25. Ukikosea zile tarakimu za msimbo wa bidhaa, ama mteja analipa asichodaiwa, ama anakamatwa, na wewe uko kwenye foleni nyuma yake. Mashine zilikuwa za jikoni. Kadhia ilikuwa imeshaandikwa za kiwandani, imebaki kutumwa tu.

Hakuna aliyeiita ile nusu saa ukaguzi wa ndani. Iliitwa chai. Hapohapo pia ndipo tulipojua kwamba dereva fulani mtoto wake amelazwa Muhimbili, asipangiwe safari ya Tunduma wiki hii. Hakuandika barua ya kuomba. Mtu alimwona hagusi andazi lake, akamuuliza.

Jioni kulikuwa na pantoni. Nakaa Kigamboni, na wakati huo nauli ilikuwa bado shilingi 100. Ni dakika chache tu juu ya maji, umebanwa kati ya bodaboda na muuza karanga, upepo unakupiga usoni. Pantoni ikishaondoka Magogoni, kazi ilibaki ng'ambo. Si kwamba nilikuwa na msimamo fulani kuhusu jambo hilo. Kazi haikuwa na namna ya kunifuata: faili lilikuwa kabatini, kabati lina ufunguo, na ufunguo alikuwa nao mlinzi.

Mzee alichoka. Mwaka 2018 watoto wake wakaingiza wabia, na wabia wakaja na meneja mkuu wao. Sina ugomvi na yule kaka. Mishahara ilianza kuingia tarehe 25 bila kukosa. Michango ya hifadhi ya jamii iliyokuwa ikirukwa ikaanza kuonekana kwenye taarifa zetu. Kila mtu akapata mkataba wa maandishi, hata mfagizi. Dada aliyefuata kwenda uzazi alikuta kiti chake kinamsubiri. Mambo haya tuliyalilia miaka mingi, akayafanya ndani ya miezi mitatu.

Ila mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, hata kwa sisi tuliokuwa na miaka tisa pale. Ukuta ukavunjwa, tukawa tunaonana wote kama abiria wa daladala. Mlangoni ikafungwa mashine ya alama za vidole. Ubaoni yakabandikwa malengo ya kila mtu kwa rangi. Nyekundu ukiwa nyuma. Mimi nilipandishwa kuwa msimamizi wa watu sita, na sitadanganya, nilifurahi.

Chai alikuja nayo kwa hesabu. Alisimama mbele yetu na kalamu: watu 22, mara dakika 30, ni saa 11 kila siku. "Ni kama tunamwajiri mtu mzima na zaidi," alisema, "kazi yake kunywa chai." Tukacheka. Hesabu ilikuwa sahihi, na hakuna aliyekuwa na hesabu ya kuweka upande wa pili. Kwenye kona pakawekwa mtungi wa maji ya moto na majani ya chai ya vifuko, bure, kila mtu ajimiminie akanywee mezani kwake. Chumba cha mafaili kikawa chumba cha mikutano chenye mlango wa kioo. Mama lishe alipanda siku mbili zaidi akidhani ni utani. Siku ya tatu akabaki chini ya ngazi na beseni lake, nasi tukipita tunamnunulia andazi mojamoja kama watu wanaolipa deni.

Vikombe vya bati sijui vilikwenda wapi. Changu nilikichukua.

Kundi la WhatsApp mwanzoni lilikuwa neema. Kijana yuko bandarini, anapiga picha lakiri ya kontena, sekunde ile ile ninayo mezani. Kabla ya hapo angenipigia, simu inakatika upepo, narudia namba mara nne. Mwaka 2020 corona ilipokuja tukapangiwa zamu za kufanyia kazi nyumbani, tukapewa kompyuta za mkononi. Zamu zikaisha. Kompyuta zikabaki nyumbani.

Siwezi kutaja siku ambayo mambo yaligeuka. Meneja anauliza jambo saa mbili usiku, mmoja anajibu. Kesho anauliza saa tatu, wawili wanajibu. Baada ya muda asiyejibu ndiye anayeonekana. Hakuna aliyetuamuru. Kazi haikuongezeka sana, kusema kweli; mizigo ilikuwa karibu ileile. Kilichopotea ni mahali pa kuishia.

Na makosa yakaongezeka, jambo ambalo ubao wa rangi haukulionyesha. Tulikuwa na mteja wa Lubumbashi, mtu mpole, Kiswahili chake cha Katanga kilitufurahisha. Kontena lake la vipuri lilikuwa lipite Tunduma kwenda Kongo. Meli ilishafika, malipo ya wakala wa meli hayajafanywa ili tupate hati ya kuruhusiwa kuchukua mzigo. Nikaandika kwenye kundi: "Jamani hili la Lubumbashi." Tiki za buluu kwa wote. Mhasibu akadhani mtu wa nyaraka ameshapeleka, mtu wa nyaraka akadhani mhasibu ameshalipa, na mimi nikadhani nikishaandika basi nimefanya. Siku tisa. Gharama za kukaa bandarini zikaanza kuhesabika, na za kuchelewesha kontena juu yake. Meneja akauliza kundini ni nani anawajibika. Watu 22 wakasoma. Kimya.

Mezani, miaka ile, mtu angesema "lile la Lubumbashi," na macho yangemgeukia mhusika kabla hajameza.

Mwili wangu ulianza kulalamika kabla mimi sijalalamika. Niliisikia simu ikitetemeka pajani wakati iko chumbani kwenye chaji. Naamka saa tisa usiku nimekumbuka namba ya kontena. Siku moja niliingia kwenye pantoni jioni, nikafungua kundi kujibu jambo moja. Nilipoinua uso nikaona Kigamboni inarudi nyuma. Watu walishashuka, wengine wakapanda, na mimi nimesimama palepale nikiandika, nikarudishwa Magogoni. Muuza karanga alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka. Usiku wake nililia, bila sababu niliyoweza kuitaja.

Zahanati walinipima presha: 158 kwa 102. Daktari, binti mdogo, aliniuliza nalala saa ngapi, nikaanza kumweleza habari za meli. Akanisikiliza, halafu akasema Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuelezea uchovu wa kazini kwenye orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na kazi yenyewe, na akanitajia dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona huna tena unachokiweza. Ile ya pili ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nimeanza kuwachukia wateja. Yule mpole wa Lubumbashi akipiga, nilikuwa naiangalia simu mpaka inyamaze.

Laiti ningeishia hapo, hii ingekuwa simulizi ya mtu aliyeonewa. Haikuwa hivyo.

Kati ya wale sita niliowasimamia alikuwepo kijana wa miaka 24, aliyeingia kwetu mwaka 2021 akiwa ametoka chuo. Alikuwa anajibu ujumbe ndani ya dakika moja, saa yoyote. Nilimsifu kwa hilo mbele ya kundi zima, na vidole gumba vikamiminika. Ndivyo nilivyomfundisha kazi. Mwaka uliofuata akaugua: mara tumbo, mara kichwa, vipimo havionyeshi kitu. Siku ya nne nikaona niende kumjulia hali, kwao Mbagala, nikabeba machungwa na maziwa.

Mama yake alinipokea ukumbini. Nikaamkia, akaitikia, akanikaribisha mkekani. Kijana alikuwa amelala. "Ndiyo kwanza amepata usingizi tangu juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Simu nimemficha. Ikilia anashtuka kama ameitwa polisi."

Hajamaliza kusema, kabati la vyombo likaanza kunguruma. Alikuwa ameiviringisha simu kwenye kanga akaisukumia nyuma ya vikombe, na kila ikitetemeka vikombe vinagongana taratibu, ting, ting.

"Umesikia? Huyo ni Dada Ofisi. Yule hata saa sita za usiku anaandika. Sijui hana watoto wa kulaza."

Safari hiyo haikuwa mimi. Simu yangu ilikuwa mkobani. Lakini nilijua nimehifadhiwa kwa jina gani kwenye simu ya mwanawe, maana aliwahi kunionyesha akicheka.

"Na wewe mwanangu unafanya naye kazi huyo dada?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambieni."

"Nitamwambia," nikasema. Nikaweka machungwa chini, nikaaga.

Usiku ule nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yangu na yule kijana, mwezi mmoja tu, nikahesabu niliyomwandikia baada ya saa mbili usiku. Yalikuwa 61. Yaliyohitaji jibu kabla ya asubuhi hayakuzidi sita. Mengine niliandika ili nisisahau. Nilikuwa natua mzigo wangu nipate kulala, na kila nikiutua unamwangukia yeye.

Alirudi kazini, akamaliza mkataba wake, hakusaini mwingine. Siku hizi yuko Kariakoo kwenye vipuri vya pikipiki. Tukikutana ananiamkia vizuri kabisa. Sijawahi kumwambia kwamba mama yake alinituma.

Mimi si mtu wa sheria, lakini nilikaa chini nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho, mapumziko ya saa 12 mfululizo. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apumzike dakika 60. Nikapiga hesabu: ukijibu kundi saa nne na nusu usiku na kidole chako kikagusa mashine saa moja na nusu asubuhi, umepumzika saa tisa. Halafu nikafika mahali panaposema sehemu hiyo ya saa za kazi haimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani mimi. Wale sita walikuwa na ulinzi. Mimi nilikuwa ndiye wa kulindwa dhidi yake. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Niliomba kikao. Meneja, afisa utumishi, wasimamizi watatu, kwenye kile chumba chenye mlango wa kioo. Afisa utumishi, dada msomi, akaanza na Ufaransa, kwamba tangu Januari 2017 sheria yao inataka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi haki ya kuzima simu, na kwamba Kenya nako seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022, waajiri wakaupinga. Meneja akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Meli haijui Jumapili." Na ni kweli. Bandari hailali, na kontena likichelewa anayelia ni mteja wetu, si mteja wa Paris.

Kwa hiyo sikubishana na meli. Nilitoa ile hesabu ya siku tisa za Lubumbashi, shilingi kwa shilingi, nikaiweka kando ya hesabu yake ya saa 11 za chai. Nikamwambia tunachokosa si watu wa kujibu usiku. Tunao 22. Tunachokosa ni mmoja anayejua kwamba usiku huu ni wake.

Tukakubaliana zamu. Kila wiki mtu mmoja analala na simu ya ofisi, wengine kundi linafungwa saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na mwenye zamu anafidiwa nusu siku. Simu yenyewe niliomba iwe kitochi, isiyo na WhatsApp, ili mwenye shida apige aseme shida yake kwa mdomo. Afisa utumishi alidhani natania. Mwezi wa kwanza kitochi kilipigwa mara nne usiku. Mara mbili ni watu waliokosea namba.

Chai sikuipata. Nilipata dakika 15, Jumanne na Alhamisi, ambazo kwenye ratiba zinaitwa kikao cha uratibu. Tunaleta chupa kwa zamu. Miezi ya kwanza watu walisimama na simu mkononi, hawajui waongee nini. Miaka kadhaa ya kuandikiana ilikuwa imetuondolea hata utani. Babu alishastaafu, analima mihogo Mkuranga, na hakuna wa kuuliza za kiwandani au za jikoni. Wiki chache zilizopita mhasibu, mtu mkimya sana, alisema ghafla kwamba mkewe ameanza kusafishwa figo. Miezi mitano ilikuwa imepita. Tunakaa meta mbili kutoka kwake, hakuna ukuta.

Presha naendelea nayo, natumia dawa. Kwenye pantoni simu inakaa ndani ya mkoba na zipu nimeifunga, na bado mkono unaenda wenyewe.

Juzi, saa nne usiku, nikakumbuka kitu kuhusu kadhia ya asubuhi. Kidole kikatangulia akili. Nikamwandikia binti mpya tuliyemwajiri mwezi Machi, nikatuma, nikashtuka, nikafuta. Pale pakabaki yale maandishi yanayosema ujumbe umefutwa. Nikashukuru, nikaiweka simu chini.

Ikatetemeka.

"Nimeuona dada. Nashughulikia sasa hivi."